Bado Uko Muyinga?

Neno linaloniudhi kuliko yote katika Kiswahili ni "bado". Likiwa peke yake halina kosa. Lakini kila nikishuka Gitega kwa harusi, au Bujumbura kutafuta sindano za ganzi, hakosi mtu wa rika langu wa kunishika mkono, kunitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha kuuliza: "Bado uko Muyinga?" Niliko anakujua. Anachotoa pale ni hukumu. Mganga wa meno mwenye shahada, aliyesoma miaka mitano Dar es Salaam, alipaswa apite Muyinga kama lori linavyopita mpakani Kobero: lisimame, karatasi zigongwe mhuri, liendelee. Mimi nimesimama miaka kadhaa sasa.

Hukumu hiyo ina ngazi zake, na kila mtoto wa shule anazijua. Chini kabisa kuna kituo cha afya cha mlimani. Juu yake hospitali ya Muyinga au ya Karuzi, kisha Gitega, kisha Bujumbura, kisha Kigali au Nairobi, kisha ndege. Gitega yenyewe ilipanda ngazi moja mwanzoni mwa 2019, bunge lilipoifanya mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Kabla ya hapo waganga wa Gitega nao waliulizwa "bado", na baadhi yao ndio wanaoniuliza mimi leo. Anayepanda, wanasema, ana malengo. Anayesimama amelala.

Wapo pia wapole, nao ni wagumu zaidi kujibu kwa sababu wanakusifu. "Yule ameridhika," wanasema. "Anajitolea. Mungu atamlipa." Hawa ndio wanaonitumia kwenye simu ile hadithi ya mvuvi aliyelala kivulini karibu na mashua yake, akaja tajiri kumshauri avue zaidi, anunue mashua ya pili, apate kiwanda, ili siku moja aweze kupumzika kivulini, mvuvi akamjibu kwamba kivulini yupo tayari. Wanaituma kama hekima ya mababu. Aliyeitunga ni Heinrich Böll, mwandishi wa Ujerumani, kwa ajili ya redio ya huko, Sikukuu ya Wafanyakazi ya mwaka 1963.

Makundi haya mawili yanajiona kama maadui, lakini yanapimia mizani moja. Sahani moja ina malengo, nyingine ina maisha ya kuridhika. Ukiongeza huku unapunguza kule. Mtu mwenye busara ni yule anayezisawazisha. Nimeikuta mizani hiyo katika mahubiri, katika semina za vijana, hata katika hotuba za mahafali. Ninasema kwamba katika kazi ya meno mizani hiyo haipo, na ushahidi wangu wa kwanza ninautoa katika aibu yangu mwenyewe.

Nilifanya kazi Gitega miaka minne, katika kliniki ya binafsi ambayo sitaitaja, maana mwenyewe si mtu mbaya na bado tunasalimiana. Serikali ilipoanza kuhamia, alifikiri kama mfanyabiashara yeyote angefikiri: watumishi wa wizara watakuja, na kadi zao za bima ya mituweli, na meno yao. Akakopa benki, akanunua kiti kipya cha umeme chenye taa yake na bomba lake la kunyonya mate. Kiti kizuri, nilikipenda. Lakini kiti cha mkopo nacho kina kinywa. Kila mwisho wa mwezi kilitaka kula, na wa kukilisha tulikuwa sisi wawili.

Hapo ndipo nilipoanza kuona matundu. Doa la kahawia kwenye gego, ambalo walimu wangu walinifundisha kulipaka floraidi, kuliacha na kumwambia mtu arudi baada ya miezi sita, Gitega likawa "linaanza kuoza, tulizibe mapema". Jino la kuzibwa likawa la kuvikwa kofia. Hakuna aliyeniamuru, wala hakuna karatasi iliyoandikwa. Macho yenyewe yalibadilika, na nilidhani yamekuwa makali zaidi. Halafu siku moja nikaingiza mashine ya kuchongea katika gego la kijana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ualimu, na nilipofika ndani nikakuta jino zima, gumu, bila uozo wowote. Nikaliziba. Akalipa. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jino halioti tena. Kile nilichomchonga kijana yule kimekwenda, na kila miaka kadhaa atahitaji kuziba upya, kila mara tundu likiwa pana zaidi. Niliondoka kliniki ile kabla mwaka haujaisha.

Kazi yetu ina kasoro ya kuzaliwa nayo: anayekuambia kilichoharibika ndiye anayelipwa kukitengeneza, na wewe mwenye kinywa huwezi kuona. Fundi wa gari angalau atakuonyesha bereki iliyolika. Mwaka 1997 mwandishi wa Marekani, William Ecenbarger, alikizungusha kinywa chake kwa waganga wa meno 50 katika majimbo 28 kwa ajili ya jarida la Reader's Digest. Kinywa ni kilekile, meno ni yaleyale. Makadirio ya gharama yalianzia chini ya dola 500 yakafika karibu dola 30,000. Baadaye watafiti wa uchumi walifanya jaribio kama hilo Zürich, Uswisi, ambako hakuna anayeweza kusema waganga wana njaa. Walimtuma mtu ambaye, kwa miongozo ya taaluma, hakuhitaji kuzibwa jino, akaonana na waganga 180. Asilimia 28 walipendekeza matibabu yasiyohitajika. Na katika matokeo yao kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hiyo asilimia: waliopendekeza zaidi walikuwa wale wasio na foleni, ambao ukipiga simu leo unapata nafasi kesho.

Irudie sentensi hiyo ukiwa Muyinga. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilihesabu kwamba kanda ya Afrika ina waganga wa meno wapatao 33 kwa kila watu milioni moja, wakati wastani wa dunia ni kama 328. Sisi tuko sehemu ya kumi. Ninapofungua mlango saa mbili asubuhi, benchi limejaa, na wengine wamekaa kwenye nyasi. Wametoka Gasorwe, Giteranyi, Butihinda. Baadhi wamevuka mpaka kutoka Ngara, upande wa Tanzania. Foleni ile haina haja ya mimi kubuni tundu hata moja. Nikiona doa la kahawia ninasema, "Liache hilo, usilale na sukari mdomoni, njoo tena baada ya mavuno," na sipotezi hata faranga moja, kwa sababu anayefuata ana jipu la kweli.

Kwa hiyo mtu anayesema nimeridhika kwa sababu sina malengo amegeuza jambo kichwa chini. Kujua kiasi changu ni kifaa cha kazi, kama kioo kile kidogo chenye mpini. Ninaishi katika nyumba niliyoimaliza bila mkopo. Mke wangu anafundisha. Tuna shamba la maharage na ng'ombe mmoja ambaye, nakiri, anapendwa kuliko inavyostahili. Mahitaji yangu nayajua hadi mwisho wa mwezi, na kwa sababu nayajua ninaweza kutazama kinywa cha mtu bila kuona ada ya shule ya mwanangu ndani yake. Mganga asiyejua kiasi chake hawezi, hata awe mcha Mungu namna gani. Mimi sikuweza.

Sasa niwageukie wapole, maana naona wanaanza kutabasamu.

Muyinga haina kishawishi cha kiti cha mkopo, lakini ina chake, nacho kimetengenezwa kwa chuma: koleo. Mama mzee ametembea tangu alfajiri. Gego limetoboka, linauma usiku. Hataki maelezo. "Dokta, toa tu, niwahi soko." Kung'oa ni dakika kumi. Kuliokoa ni nusu saa au zaidi, na benchi limejaa. Atashukuru nikiling'oa, atanung'unika nikiliziba. Na mganga aliyeridhika kwa maana ile ya mahubiri, mtulivu, asiyejisumbua, mpenda watu, atang'oa. Atang'oa siku nzima, ataitwa mchapakazi, atalala vizuri. Huko Marekani aliwahi kuwapo mganga wa meno, Edgar Parker, aliyejipa kisheria jina la Painless, yaani "bila maumivu", mwaka 1915. Alivaa mkufu wa meno 357 akijigamba kwamba ameyang'oa yote kwa siku moja. Watu wanamcheka. Mimi simcheki sana. Najua jinsi mkufu ule unavyoshonwa, jino moja moja, kwa nia njema.

Wilaya nzima inaweza kubaki mapengo mikononi mwa mtu mwema aliyeridhika. Hicho ndicho hadithi ya mvuvi isichokisema. Mvuvi akilala kivulini, samaki ndiye anayefaidi. Mganga wa meno akilala, kuna mtu anatembeza shavu lililovimba juani.

Kwa hiyo malengo. Na ninaposema malengo nina maana ya uchu, ule unaokufanya uamke usiku ukifikiria jino la mtu. Mbinu ninayoitumia zaidi haikutoka Ulaya kuja kwetu. Ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alipokuwa akifanya kazi katika chuo cha meno cha Dar es Salaam. Mashine zilikuwa ghali na umeme wa kubahatisha, na watu wa vijijini walikuwa wanang'olewa tu. Mbinu ni rahisi kuieleza: unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, kwa mkono, bila mashine, mara nyingi bila hata sindano, kisha unaziba kwa saruji ya glasi ayonoma, inayoshikana na jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Unaikandamiza kwa kidole. Basi. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangazia dunia mbinu hii. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingia katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile dawa ya fedha inayosimamisha uozo ingawa inaliacha jino jeusi.

Rahisi kuieleza, ngumu kuifanya vizuri. Ukiacha uozo ukutani, saruji inang'oka kabla ya mvua zijazo. Ukikwangua kwa pupa unagusa mshipa. Mate yakiingia umefanya kazi bure. Miaka miwili ya mwanzo kazi yangu iliniaibisha: watu walirudi na saruji mkononi, wameifunga katika kijikaratasi kama mtu anayerudisha chenji pungufu. Nikaanza daftari. Safu moja ya waliong'olewa, safu moja ya waliozibwa, na safu ya tatu, nyembamba, ya waliorudi. Nilijiwekea shabaha moja: siku moja safu ya kuziba iipite safu ya kung'oa. Iliipita mwaka juzi, mwezi wa Novemba. Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu, aliyeniuliza kama hiyo inamaanisha tutapata paa jipya la jikoni.

Ninayo malengo mengine. Nataka siku ifike mtoto mchanga anayeharisha asipelekwe tena kwa mtu wa kumkata fizi ili kutoa yale yanayoitwa "meno ya plastiki", imani iliyoenea kuanzia Tanzania hadi Rwanda, inayomwacha mtoto na kidonda, na baadaye bila chonge. Nataka shule za msingi zinazotuzunguka zipige mswaki kwa saa ileile moja kila siku. Hayo ni malengo makubwa kuliko ghorofa. Tofauti ni kwamba hayaonekani kutoka barabarani.

Najua jibu linalokuja. "Ni rahisi kwako kusema." La, si rahisi, na nisingependa msomaji adhani nauza shamba la peponi. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, kutoka karibu 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola kwa kiwango rasmi, na sokoni ikaendelea kushuka. Ganzi inaagizwa nje. Saruji inaagizwa nje. Koleo nalo linaagizwa nje. Mafuta yakikosekana vituoni, na yamekosekana mno miaka hii, gari la kwenda Bujumbura kuchukua dawa linakuwa jambo la kuombea dua. Kuna siku nimemrudisha mgonjwa nyumbani na jipu lake kwa sababu sindano zimekwisha, na siku kama hiyo usiniambie habari za kuridhika, nitakufukuza. Kuridhika na mshahara usiotosha, au na kabati tupu la dawa, ni ujinga, na anayekuhubiria hivyo mara nyingi kabati lake limejaa. Kiasi nilichokisema mimi kina sakafu. Chini yake mtu ana haki ya kupiga kelele, na ana haki ya kuondoka.

Ndiyo maana siwalaani walioondoka. Kabla ya Oktoba 2022 Mrundi aliingia Serbia bila viza, na Bujumbura yote ilijua njia: Belgrade, kisha misitu, kisha Ubelgiji. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alikwenda hivyo. Huko shahada yake inasubiri kutambuliwa. Kwa sasa anaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na anatuma fedha. Ananipigia usiku, tunaongea juu ya meno. Ananiomba nimtumie picha za magego. Haulizi "bado". Yeye ndiye mtu pekee wa rika langu asiyeniuliza hivyo, na sidhani ni kwa adabu. Nisichokubali ni kwamba ngazi aliyoipanda yeye ndiyo kipimo cha mimi kulala au kutolala.

Na hili la kujitolea tulimalize. Kila mara wageni wanapokuja, wawe wa kanisa, wa msikiti au wa mashirika, kuna anayesimama na kunishukuru kwa sadaka yangu. Ninakaa, ninainamisha kichwa, kwa sababu nimelelewa vizuri. Lakini sadaka ni neno la hatari. Anayetoa sadaka hadai. Hadai saruji, hadai mshahara wa msaidizi, hadai kwamba wizara imhesabu katika bajeti. Mtu akikuita mtakatifu, angalia kama hajaweka mkono mfukoni mwako. Sikujitolea. Ninalipwa, kidogo na kwa kuchelewa, lakini ninalipwa. Mama mzee anayesema "toa tu" ananipa faranga zake, na akikosa faranga ananipa ndizi, na tunatazamana kama watu wawili waliofanya biashara. Nilichagua Muyinga kwa ubinafsi mtupu. Hapa ndipo mahali pekee nilipoweza kuwa mganga mzuri.

Lipo swali la haki ambalo vijana wananiuliza, tofauti na "bado": je, taaluma haitadumaa? Inaweza. Mganga aliye peke yake hukosea vilevile kila siku na kuita makosa hayo uzoefu. Mimi hujilinda kwa daftari, kwa yule mwenzangu wa Ubelgiji, na kwa kwenda Gitega mara moja kila miezi mitatu kukaa siku nzima nyuma ya mganga mwenzangu anayejua kutibu mizizi kuliko mimi. Njia ya Karuzi inachosha, na ninarudi nimejua jambo moja. Haitoshi. Dawa ya kweli ya upweke wa kazi ni mtu wa pili kazini.

Kwa hiyo wewe uliye mwaka wa mwisho, Kigali, Kampala au Dar es Salaam, unayesoma haya na tayari umeshaulizwa utaenda wapi: nyuma ya kliniki yangu kuna chumba kitupu chenye dirisha la mashariki. Mwanga unaingia mzuri hadi saa tano, na kuziba kwa mkono kunataka mwanga kuliko kunavyotaka umeme. Meza ipo, birika la kuchemshia vyombo lipo, benchi limejaa. Kiti ni cha mbao, fundi wa sokoni amekitengeneza, kinalala nyuma vizuri. Cha mkopo sinunui. Njoo na kijiko chako.